Maji ya Bati la Marijani

Mwaka wa hamsini na tatu, Mwalimu Ansbert wa Kinondoni alianzisha chama cha kuleta amani duniani. Kilikuwa na wanachama watatu. Alikuwa amesoma gazetini kwamba huko ng'ambo, tangu vita viishe, madaktari na mainjinia walikuwa wakitoa ujuzi wao bure kwa watu wasio wa taifa lao wala dini yao, na kwamba mtu wa namna hiyo huitwa raia wa dunia. Ansbert alikuwa Mhaya, mbali na kwao, na neno hilo lilimkaa kichwani. Akamwambia mkewe Demetria, aliyekuwa mkunga. Demetria akauliza raia wa dunia analipa kodi wapi. Ansbert akasema hilo gazeti halikueleza.

Mwanachama wa tatu alikuwa Remtulla Mohamedjaffer, wakili mwenye ofisi mjini, gari la Morisi, na suti ya kijivu aliyoivaa hata Jumapili. Alifahamiana na Ansbert tangu alipomsaidia katika shauri la kiwanja. Alikuwa mtu mwema, na mzaha haukuwa kazi yake. Alipoelezwa habari ya chama alisema amekuwa akingoja jambo kama hili maisha yake yote, ila hakujua kama lina jina.

Wakagawana kazi barazani kwa Ansbert. Ansbert angefundisha watu wazima kusoma. Demetria angeendelea kuzalisha wanawake, kama alivyokuwa akifanya, isipokuwa sasa ingekuwa kwa ajili ya dunia. Remtulla alisema yeye angekwenda Temeke kila Jumapili asubuhi kutoa ushauri wa sheria bila malipo.

"Ugomvi wote ulimwenguni," alisema, "huanza pale mtu asipojua haki yake."

"Au akishaijua," alisema Demetria.

Remtulla alilifikiria hilo, akaamua kuwa ni mzaha, akacheka kwa adabu.

Temeke alipata baraza ya duka moja lililokuwa likifungwa Jumapili. Akaweka meza, kiti chake, na kiti cha mteja. Jumapili ya kwanza hakuja mtu. Jumapili ya pili hakuja mtu. Watu walipita, wakamwamkia vizuri, wakamuuliza hali ya nyumbani, wakaenda zao. Jua lilipanda, baraza ikapoteza kivuli, na Remtulla akaendelea kukaa wima ndani ya suti yake, mikono juu ya meza.

Nyumba iliyotazamana na duka lile ilikuwa ya Marijani bin Shomari, mtunza bustani wa hospitali, mtu wa makamo aliyefiwa na mkewe. Jumapili ya tatu Marijani aliona vibaya. Mgeni amekuja kutoka mjini, amekaa peke yake juani, na hakuna hata mmoja wa kumuuliza kitu. Akavaa kanzu, akavuka njia.

"Bwana wakili, mie nina swali."

Remtulla akasimama. "Karibu. Keti. Una shauri gani?"

Marijani hakuwa na shauri. Alikaa, akatazama huku na huku akilitafuta, na macho yake yakaangukia nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amebadilisha paa, akaondoa makuti na kuezeka bati.

"Bati langu," alisema. "Nyumba yangu ile pale. Mvua ikinyesha, maji ya upande huu yanaangukia uani kwa jirani yangu, Bi Tatu. Yeye anatega pipa."

"Anayatumia?"

"Anafulia. Anapikia."

"Kwa ruhusa yako?"

"Hakuna aliyemruhusu. Yanaanguka tu."

Remtulla akafungua kalamu yake. "Bati ni la nani?"

"Langu."

"Ulilinunua?"

"Nililinunua."

"Na maji, kabla hayajaanguka, yako wapi?"

Marijani akafikiri. "Juu ya bati."

"Juu ya mali yako."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huyu mama anajipatia maji kutoka kwenye mali yako, bila ruhusa na bila malipo, tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka juzi."

"Unaona," alisema Remtulla kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari za ugonjwa.

"Ina maana nimedhulumiwa?"

"Kisheria, hoja ipo."

Marijani alirudi kwake polepole. Alikuwa ametoka nyumbani ni mtu anayemhurumia mgeni. Alirudi ni mtu aliyedhulumiwa tangu mwaka juzi na hakuwa na habari.

Bi Tatu binti Kondo alikuwa mchoma vitumbua. Jioni ile, kama desturi yake, alimpelekea jirani yake vitumbua vichache kwenye sahani. Marijani alivitazama asiviguse.

"Hivi ni vya maji?" aliuliza.

"Vya nini?"

"Vya maji ya bati langu. Kama ni malipo, sema tujue."

Bi Tatu aliichukua sahani yake akaondoka nayo. Jumapili iliyofuata ndiye aliyekuwa wa kwanza barazani, amejifunga kanga mbili na amekaa kwenye kiti cha mteja kabla Remtulla hajashuka garini. Akaeleza habari yake yote. Remtulla alisikiliza mpaka alipotambua ni habari ipi, akafunika kalamu.

"Mama, samahani sana. Nimekwisha kumshauri mwenzako. Maadili ya kazi yetu hayaniruhusu kushauri pande zote mbili."

"Si ulituambia umekuja kutushauri sie watu wa Temeke, dunia ipate amani?"

"Ndiyo."

"Mie ni mtu wa Temeke."

"Ndiyo."

"Lakini mie hunishauri."

"Si katika shauri hili."

Bi Tatu akasimama, akajitanda upya. "Kumbe hiyo amani ya dunia ni ya Marijani."

Neno hilo lilimchoma Remtulla njia nzima mpaka mjini. Akaona dawa ni moja tu. Ofisini alikuwa na mwenzake, wakili Jafferali, ambaye pia alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Gulbahar. Jafferali alikuwa mnene kiasi, mkimya, na Jumapili yake aliipenda kama ilivyokuwa. Remtulla akamweleza kwamba shauri lenye wakili upande mmoja tu si haki, na pasipo haki hakuna amani. Jafferali alijaribu kutafuta kosa katika hoja hiyo, asilione, akakubali.

Zikawa meza mbili, moja kila upande wa mlango wa duka. Jafferali alikwenda mpaka uani kwa Bi Tatu, akainama, akautazama ukuta wa udongo pale maji yalipokuwa yakirukia.

"Ukuta huu umeliwa," alisema.

"Ulikuwa hivyo tangu marehemu mama."

"Alikuwepo wakati wa bati?"

"Hapana."

"Basi na tuseme umeliwa zaidi."

Hivyo Marijani akamshtaki Bi Tatu kwa kuchukua maji yake, na Bi Tatu akamshtaki Marijani kwa kumwagia maji hayo hayo. Shauri likapelekwa kwenye baraza la liwali, mwamuzi wa wenyeji aliyewekwa na serikali.

Mtaa ulipoona kuna mawakili wawili, na wa bure, ulianza kujichunguza. Mtu mmoja aligundua kwamba jirani yake alikuwa akikaa kwenye kivuli cha mkorosho wake kila siku baada ya adhuhuri. Mwanamke mmoja akakumbuka kinu alichoazimisha wakati wa vita. Mashemeji wawili waliokuwa wakila sahani moja walipima uwanja wao kwa kamba, kila mmoja kwa kamba yake. Watu walipanga foleni kwenye meza ya kushoto, na waliowakosea wakapanga kwenye meza ya kulia. Kabla ya hapo mtaa ule ulikuwa haujulikani kabisa kwa liwali. Kufikia vuli, karani wake alikuwa akiutaja kwa kuvuta pumzi.

Ansbert alifurahi sana. Alisema ni dhahiri watu walikuwa na kiu ya huduma. Demetria aliuliza kama walikuwa nayo kabla huduma haijafika. Ansbert akasema kiu nyingine mtu haijui mpaka aone maji.

Mawakili hawakuruhusiwa kusema katika baraza la liwali. Kila mtu alijisemea mwenyewe. Kwa hiyo Remtulla alimfundisha Marijani, na Jafferali akamfundisha Bi Tatu. Siku ya kwanza ya shauri, Bi Tatu alisimama, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Mheshimiwa Liwali," alisema Marijani, "kwa heshima zote, napinga."

"Unapinga nini?" aliuliza liwali. "Hajasema kitu."

"Napinga mapema."

Liwali aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, akaahirisha shauri.

Kutoka Temeke mpaka kwenye baraza ni mwendo, nao walikuwa wakienda kwa miguu. Siku ya kwanza walikwenda Marijani mbele na Bi Tatu nyuma, hawasemezani. Wakakaa benchi moja tangu asubuhi, maana lilikuwa benchi moja tu. Mchana Bi Tatu akafungua kifurushi chake, akamwona mwenzake anatazama ukutani kama mtu anayesoma, wala ukuta haukuwa na maandishi.

"Kula," alisema. "Shauri ni la maji, si la vitumbua."

Liwali alikuwa na mambo mengi, akaahirisha tena, na tena. Kila mara wakaenda na kurudi pamoja. Marijani alimweleza Bi Tatu habari za ugonjwa wa marehemu mkewe, ambazo hakuwa amemweleza mtu, kwa sababu hakuwahi kukaa na mtu benchi moja siku nzima. Bi Tatu alimweleza habari za mwanawe aliyekwenda kukata mkonge Tanga na ambaye salamu zake zilikuwa zimekatika. Siku moja, wakirudi, Marijani alisimama njiani kutoa kijiwe kwenye kiatu.

"Jirani," alisema, "hili shauri tuliache."

"Mie nilishaliacha zamani," alisema Bi Tatu. "Lakini wale mawakili?"

Wakafikiri.

"Wanatoka mjini," alisema Marijani. "Na masuti, kwenye jua lile."

"Wangu analowa mpaka mgongoni. Na wala haombi maji."

"Wangu juzi kanifundisha neno jipya. Nikimwambia nimeacha, moyo utamvunjika."

Wakakubaliana waendelee kushtakiana mpaka mawakili wachoke wenyewe.

Mawakili hawakuchoka. Remtulla alikuwa amesikia habari ya ukuta kwa Marijani, na Jumatatu ofisini akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kuna hoja ambazo mtu mzima hawezi kuzitoa bila aibu. Jafferali akajibu kwamba mtu anayedai mvua ni mali yake asizungumzie aibu. Remtulla akasema hakudai mvua, amedai maji. Jafferali akasema dunia nzima sasa inaweza kulala kwa amani. Maneno hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa walikuwa watu wa heshima, na tangu saa ile hawakusemezana tena.

Walikuwa chumba kimoja. Katikati yao alikaa karani, Projestus, kijana wa Karagwe.

"Projestus," alisema Remtulla, "mwambie Bwana Jafferali vumbi linaingia dirishani kwake."

Projestus alinyanyuka akalifunga dirisha mwenyewe, kufupisha safari.

Nyumbani kwa Remtulla, kila Ijumaa mchana Jafferali alikuwa akija kula kwa dada yake. Akaacha kuja. Gulbahar aliendelea kupika biriani ya watu watatu kwa Ijumaa kadhaa, akidhani itapita. Haikupita. Akamwuliza mumewe, na mumewe akasema ni jambo la kitaaluma. Akamwuliza kaka yake, na kaka yake akasema vivyo hivyo. Basi Gulbahar akachukua teksi mpaka Kinondoni, akaingia kwa Mwalimu Ansbert, akakaa bila kuvua viatu.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye chama?"

"Ndimi."

"Nilikuwa na watu wawili mezani. Sasa ninaye mmoja, na huyo mmoja anakula kama yuko msibani. Kabla ya amani yenu nyumba yangu ilikuwa salama. Nenda ukaitengeneze."

Ansbert alitaka kueleza shabaha za chama. Demetria alimgusa mkono, akamletea mgeni chai.

Kesho yake Ansbert alikwenda Temeke kuwabembeleza wadai waondoe shauri lao. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, maana alijua anakwenda kukutana na maadui. Aliwakuta uani kwa Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Marijani alikuwa ameliinamia pipa, analiziba lilipotoboka. Ansbert aliyasahau maneno yote. Walipomweleza kwa nini wanaendelea kushtakiana, alikaa chini kwenye kigogo. Naye alipowaeleza yaliyotokea mjini, ungo wa Bi Tatu ulisimama.

"Mtu na shemejiye," alisema, "hawasemezani kwa ajili ya pipa langu?"

"Kwa ajili yetu," alisema Marijani. Alionekana kuumia kweli. "Na mie ndiye niliyeanza, nikidhani namsaidia mgeni."

Jumapili ile mawakili walifika, kila mmoja na usafiri wake. Hawakuona foleni. Meza zilikuwa zimeondolewa na pametandikwa mkeka, na mtaa mzima ulikuwa umekaa. Bi Tatu akawaonyesha mahali pa kukaa, mmoja huku na mwingine huku, yeye na Marijani katikati. Kukaa chini na suti si jambo jepesi, ilichukua muda.

"Sie shauri letu tumeliondoa," alisema Bi Tatu. "Limebaki la kwenu."

"Sisi hatuna shauri," alisema Remtulla.

"Hatuna," alisema Jafferali.

"Basi semezaneni."

Muuza kahawa alipita akigonga vikombe, akaona nyuso, akanyamazisha vikombe. Hatimaye Remtulla alivuta koti.

"Kwa upande wangu, ningependa kumwuliza mwenzangu kama anakiri kwamba tarehe..."

"Napinga," alisema Marijani.

Watu walicheka, lakini Marijani hakuwa amefanya mzaha. "Humwulizi, bwana wakili. Unamwambia. Mwambie lililokuuma."

Remtulla alisema kilichomuuma ni kejeli juu ya amani ya dunia. Jafferali alitikisa kichwa, kwamba sawa, amesikia. Wakamgeukia yeye. Aliupangusa uso kwa leso, akaikunja leso, akairudisha mfukoni.

"Kibao," alisema.

"Kibao gani?" aliuliza Remtulla.

"Cha ofisi. Tuna miaka saba pale. Jina lako lipo. Langu halipo."

Remtulla hakuwa amelitegemea hilo. "Lakini hukuwahi kusema."

"Nilikuwa nangoja uone."

"Mimi napita chini ya kibao kile kila siku."

"Najua," alisema Jafferali. "Na mimi nakufuata nyuma."

Hakuna aliyecheka. Remtulla alitazama mkeka. Alikuwa amekumbuka siku ile kibao kilipopakwa rangi.

"Fundi aliniuliza kama kuna jina jingine," alisema. "Nikamwambia baadaye."

"Baadaye lini?" aliuliza Bi Tatu.

"Sikumwambia lini."

Kisha akamwambia shemeji yake, mbele ya watu wote, kwamba amemkosea. Alilisema kwa Kiswahili, halafu akalirudia kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, kwa sauti ndogo na kwa urefu zaidi. Watu wa Temeke hawakuelewa maneno, lakini walitazama pembeni, kama mtu anavyofanya akipita mlango ulioachwa wazi.

"Kesho namwita fundi," alisema Remtulla.

"Usimwite. Itaonekana nimedai."

"Hukudai. Mimi ndiye natoa."

"Wateja watajuaje? Watasema Jafferali alidai kibao."

"Basi nitaweka kibao kipya kabisa, na majina yote mawili."

"Hapo ndipo watakaposema zaidi."

Wakaendelea hivyo. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda kupika. Ansbert alimwuliza Marijani kama lile sasa lilikuwa patano au ugomvi. Marijani aliwaangalia.

"Wanatazamana," alisema. "Ni patano."

Liwali aliposikia shauri la maji limeondolewa hakuuliza sababu, aliogopa wataeleza. Mengine yakafuata kidogo kidogo. Ya kivuli yaliisha mkorosho ulipopukutisha majani. Kinu kilirudishwa kwa mwenyewe, na kwa haki, kwa sababu kweli kilikuwa chake. Watu walisema Marijani na Bi Tatu wataoana. Hawakuoana. Walikaa majirani, na Bi Tatu akaendelea kutega pipa.

Kibao kilibadilishwa baada ya majadiliano ya wiki nyingi. Jafferali alipendekeza jina lake liandikwe kwa herufi ndogo, Remtulla akakataa katakata.

Demetria alishauri chama kifunge kazi ya Temeke. Remtulla alikwenda kuwauliza wenyeji, na wenyeji wakasema aendelee kuja, wamemzoea, ila meza aiache mjini. Basi akawa anakuja na Jafferali, wanakaa barazani, wanakunywa kahawa. Jumapili moja akaja mtu analalamika kwamba punda wa jirani yake amekula mihogo yake, na ukuta ulikuwepo, lakini ulikuwa mfupi, na punda alikuwa wa kuazima. Remtulla alihisi hoja zinampanda kifuani moja baada ya nyingine, safi, zimejipanga. Akashika magoti yake kwa mikono miwili.

"Umemwambia mwenyewe?" aliuliza.

"Bado."

"Kamwambie."

Mtu yule akangoja kilichobaki. Hakikuja. "Hiyo ndiyo sheria?" aliuliza.

"Huo ndio ushauri," alisema Remtulla, na ilimgharimu.

Wakati wa kurudi aliendesha gari mpaka walipovuka reli.

"Lile la punda," alisema mwishowe, "lilikuwa shauri zuri sana."

"Nililiona," alisema Jafferali. "Mwenye mihogo angeshindwa."

"Asingeshindwa."

"Ukuta mfupi, Remtulla."

"Punda wa kuazima, Jafferali!"

Walibishana mpaka mjini, wakabishana wakipanda ngazi, na Gulbahar alipofungua mlango hawakumwamkia. Aliwatazama wote wawili, akaenda kupakua.